Bibi Alitaka Kutukanwa

Mimi ndiye niliyemleta mtani kwenye msiba wa bibi yangu. Naandika hili mapema kwa sababu bado nasikia wapo ndugu, Kidete na Kilosa mjini, wanaosema niliuharibu ule msiba, na wanasema hivyo wakiwa wamekaa, kama wanavyofanya kila kitu. Mwenye neno aje Mikumi. Nyumba yangu ya wageni iko kando ya barabara kuu, haina haja ya kuulizia, ni ile yenye vigae mpaka uani. Nitampa chai, nitamsikiliza, kisha nitamweleza haya haya.

Nilizaliwa Kidete, ng'ambo ya reli, nikalelewa na bibi, mama mzaa mama. Niliondoka na begi moja ambalo zipu yake haikufunga. Dar es Salaam nilianza kwa kuosha masufuria ya hoteli, nikawa mhudumu, nikasoma jioni, nikapata Stashahada ya Usimamizi wa Hoteli. Hakuna mjomba aliyenilipia wala shangazi aliyeniombea kazi. Niliporudi niliwakuta wenzangu niliosoma nao bado wamekaa kwenye benchi lile lile la stesheni wakibishana mpira. Kilichobadilika ni matumbo tu. Mimi nikajenga Mikumi, ambako madereva wa malori na watu wanaokuja kuangalia tembo wanalala kwenye mashuka ninayoyakagua mwenyewe. Stashahada yangu iko mapokezi, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo hata mtu anayeulizia choo ataiona.

Wanasema dharau yangu niliitoa mjini. Hawajui wanachosema. Niliipata nyumbani, kwa mikono ya bibi, pamoja na uji.

Bibi alikuwa mrefu, mwembamba, kanga zake zimepigwa pasi ya mkaa hata kama anakwenda tu mtoni Mkondoa kufua. Hakuvumilia kazi mbovu ya mtu yeyote. Ukimpa chai nyepesi aliinusa, akairudisha mezani, akasema, "Haya ni maji yaliyopita karibu na majani." Kwenye harusi ya jirani alifunua sinia la pilau, akachungulia, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Nyama ilialikwa?" Mimi alinifundisha kufagia uwanja. Nikimaliza alisimama mlangoni, akatazama mistari ya fagio ilivyokwenda, na kama imepinda alisema, "Fagio lako limelewa. Rudia." Nikarudia. Leo nikimwambia mfanyakazi wangu arudie kutandika kitanda, ananitazama kama nimemwonea. Angelelewa na bibi angejua kuonewa ni nini.

Nilipomaliza kujenga nilimleta Mikumi kwa gari langu. Alizunguka chumba kwa chumba, mikono nyuma. Alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo wasafishaji wangu wote hawakuwahi kufika. Alinusa taulo. Alibonyeza mto, akaguna. Mwisho akasimama mbele ya ile fremu ya kioo.

"Hii ni nini, mume wangu?" Bibi zetu huwaita wajukuu wa kiume hivyo.

"Cheti changu, bibi. Nimesomea hoteli."

"Hoteli ndiyo kufanya nini?"

"Kulaza watu vizuri. Kuwalisha."

"Kwa hiyo ulikwenda Dar miaka yote ile kusomea nilichokuwa nakufanyia bure."

Sijawahi kumwona mtu mwingine aliyeidharau stashahada yangu nikafurahi. Kesho yake asubuhi mlinzi aliniambia kwamba bibi alipokuwa anaota jua getini alimwambia, "Mume wangu ana nyumba safi." Mimi hakuniambia. Nimesifiwa na wageni wa kila rangi, wengine wameandika sifa zangu kwenye simu zao dunia nzima ikasoma, lakini sifa iliyoniingia moyoni ni hiyo iliyopita kwa mlinzi.

Sasa nieleze mtani ni nani. Kwa asiyetoka kwetu, ukoo wetu una watani wake, watu wa Lumuma, huko bondeni kwenye vitunguu. Mtani ana haki ya kukusema lolote mbele ya yeyote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukifa ndiyo kazi yake kubwa. Anakuja msibani, anakaa mbele ya jeneza kulizuia lisitoke, anakusema mpaka aridhike, kisha anapisha. Wengine wote wanaruhusiwa kulia isipokuwa yeye. Mtani akilia ameshindwa, na ukoo wake utachekwa kwa hilo mpaka wajukuu.

Mtani wa bibi alikuwa bibi kizee wa rika lake. Nilipokuwa mdogo alikuwa akishuka na vitunguu vyake stesheni ya Kidete kungoja treni, na bibi alikuwa hawezi kuacha kwenda kumtafuta. Walitukanana kwa kilugha chetu. Nikiyaandika kwa Kiswahili yanapoa kidogo, lakini yalikuwa hivi, mtani akianza:

"Bado hujafa, mchawi wa stesheni?"

"Nakungoja wewe utangulie ukafagie njia, ingawa kufagia hujui."

"Watu wa Kidete hamjui saa, mnajua treni. Treni isipokuja hamli mchana."

"Na nyinyi machozi yenu nani atayaamini? Mmezaliwa ndani ya vitunguu. Mnalia tangu asubuhi na hakuna aliyekufa!"

Watu walikusanyika kuwasikiliza. Walipomaliza walikaa kwenye gunia moja, wakagawana muhogo wa kuchoma, kimya, kama watu waliomaliza kulima.

Bibi alipoanza kuumwa, ule ugonjwa wa uzee usio na jina, mtani alimtumia kapu la vitunguu na maneno: "Pika mchuzi mzito. Nenepa kidogo. Mtu mwembamba hana raha kumzika." Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakulizoea, akasema, "Nikifa watanisifu. Nawajua. Usikubali. Umlete yule mchawi wa Lumuma anitukane vizuri. Nisipotukanwa na yule, watu watadhani nilikuwa mtu wa kawaida."

Nilimwahidi. Hakuwahi kuniomba kitu kingine katika maisha yake, na mimi si mtu wa kuahidi ovyo.

Alifariki alfajiri, kitandani kwake, amezeeka hadi pale ambapo kila mtu kijijini alikuwa na kumbukumbu ya kukosolewa naye. Nilipigiwa simu nikatoka Mikumi, nikapita Kilosa bila kusimama, nikafika Kidete vumbi limejaa mpaka kwenye nyusi. Maziko yalipangwa kesho yake baada ya adhuhuri, ili ndugu wa mbali wawahi.

Mjomba alikuwa ameshayashika mambo. Huyu ni mdogo wa mama, mtoto wa bibi wa mwisho, aliyestaafu ukarani katika ofisi fulani Kilosa mjini na tangu hapo anatembea na bahasha kwapani, ndani hamna kitu. Uwanja ule niliokuwa narudia kuufagia ulikuwa umefunikwa turubai, viti vya plastiki, na spika mbili ndefu kuliko milango ya nyumba. Mkwe wake, mshereheshaji wa harusi huko Morogoro mjini, alikuwa anajaribu maiki: "Moja mbili, moja mbili, poleni sana wafiwa." Sauti ile ile ya harusini. Alichobadilisha ni shati.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Pole, mjomba. Umechelewa kidogo, kamati imeshakaa."

"Watani wa Lumuma wameambiwa?"

"Nimewapigia mwenyewe. Nimewaambia waje kama wageni wengine wa heshima. Wakae, wale, watoe pole. Zile kelele hapana."

"Kelele zipi?"

"Unazijua. Mtu kukaa mbele ya jeneza anamwita marehemu mchawi. Kuna mheshimiwa anakuja kutoka Kilosa. Siku hizi kila mtu anarekodi. Tuonekane watu wa porini?"

"Bibi aliomba atukanwe."

"Marehemu haombi."

"Aliomba akiwa hai, mjomba. Ulikuwa Kilosa."

Alinitazama kwa huruma, yeye, ananionea huruma mimi. "Wewe umeishi mjini, umesoma. Nilidhani wewe ndiye utakayenielewa."

Nimeishi mjini, ndiyo. Nimewabebea sinia waheshimiwa wa kweli kweli, nikasimama nyuma ya viti vyao nikaona wanavyotafuna midomo wazi. Mheshimiwa wa Kilosa hakunitisha. Ila nilimwelewa mjomba kuliko alivyodhani. Alitaka mama wa kumfaa yeye. Mama mpole, wa kusomwa kwenye karatasi. Yule aliyekuwa naye miaka yote alimwonea aibu, na sasa alikuwa amepata nafasi ya kumbadilisha akiwa hawezi kujibu.

Asubuhi sikumuaga mtu. Niliwasha gari nikaelekea Lumuma. Barabara ile sina la kuisifia. Nilivuka vijito, nikasukumwa mahali fulani na wachunga ng'ombe ambao hawakucheka, nikafika bondeni kwenye matuta ya vitunguu yaliyonyooka kiasi kwamba hata bibi angetafuta kosa akalikosa. Nilimkuta mtani barazani kwake, ameketi juu ya gunia, anachambua vitunguu, vilivyooza huku, vizima huku.

"Shikamoo, bibi."

"Ya nani hiyo?"

"Ya mjukuu wa marehemu, wa Kidete."

"Marehemu yupi? Yule mchawi wa stesheni? Amekufa kweli au anajaribu?"

"Amekufa, bibi."

Akaweka kitunguu chini. Akachukua kingine, akakigeuza, akakiweka kwenye vilivyooza ingawa kilikuwa kizima.

"Mjomba wako alinipigia simu," akasema. "Ameniita mgeni wa heshima." Alivyolitamka, ungedhani katukaniwa mama. "Nimemtukana yule mwanamke tangu hatujaota matiti. Leo niende nikakae kwenye kiti cha plastiki, nile wali, nimwite mpendwa wetu? Siendi. Mwambie mgeni wa heshima anaumwa."

"Bibi alinituma kwako. Alisema asipotukanwa na wewe, watu watadhani alikuwa mtu wa kawaida."

Kuku akapita katikati ya vitunguu, hakumfukuza.

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Ana maringo mpaka mwisho." Akafuta mikono kwenye kanga. "Lakini miguu yangu imekufa. Nitafikaje mbele ya jeneza?"

"Gari litaingia mpaka uwanjani."

"Mtani haingii kwa gari kama mgonjwa. Utanibeba wewe. Mgongoni. Na hilo koti lako hilo hilo."

"Bibi, naweza kukutafutia..."

"Nasikia una cheti. Cheti gani hicho kisichoweza kubeba bibi kizee?"

Nilikubali, na sikukubali kwa unyonge. Nimewahi kupandisha friji ngazi hadi ngazi hotelini wakati wenye vifua wakijificha chooni. Bibi kizee mmoja hakuwa mzigo. Kabla hajapanda garini alichagua kitunguu kimoja kikubwa, akakifunga kwenye ncha ya kanga. Nikamuuliza cha nini. Akasema, "Changu." Tulipotembea kidogo akasema gari langu linanuka kama ua lililokufa. Yale ni manukato niliyoyanunua kwa hela nyingi, lakini niliyatoa nikayatupa dirishani, nikabaki na harufu ya kitunguu mpaka Kidete.

Njia nzima aliniuliza kitu kimoja tu, tena na tena: "Hawajamtoa?" Nami nilikuwa natazama jua na kukanyaga mafuta. Kwetu mtani hafuati jeneza makaburini, tena mwanamke. Likishatoka uwanjani halirudi, na bibi atakuwa ameondoka ameandikwa mpole.

Tulifika wanaume wameshasimama. Jeneza lilikuwa katikati ya uwanja, limefunikwa kitambaa cha kijani, sheikh pembeni yake. Mshereheshaji alikuwa anamalizia karatasi: "...marehemu alikuwa mpole, mnyenyekevu, mtu asiyejua kukasirika, asiyewahi kumkwaza yeyote..."

Niliinama mlangoni mwa gari, mtani akanikumbatia shingo, nikainuka naye. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Nikaingia naye katikati ya viti vya plastiki, koti langu limejaa vumbi la vitunguu, na simu zote zikageuka kwetu. Sikukwepesha uso. Nilitembea kama ninavyotembea nikipeleka sinia kwenye meza kubwa.

"Hivi tumekosea msiba?" akauliza mtani kutoka mgongoni kwangu, kwa sauti ambayo haikuhitaji spika. "Huyu mnyenyekevu ni nani? Mimi nimekuja kwa yule mchawi wa stesheni."

Mjomba akaja mbio. "Mjomba, unafanya nini? Mheshimiwa yupo!"

"Pisha, mgeni wa heshima," mtani akamwambia. "Usije ukakunja suti."

Nikamshusha mbele ya jeneza, kwenye njia yenyewe. Akanyoosha miguu yake iliyokufa, akajiweka sawa kama mtu aliyefika kwake. Sheikh, ambaye ni mtu wa huku huku na bibi yake mwenyewe alizikwa hivyo hivyo, akatazama saa. "Haya, mtani, fanya upesi. Swala inatungoja."

"Ndugu wafiwa, tunaomba utulivu," mshereheshaji akasema kwenye maiki.

"Wewe mwenye kijiti. Umesema alikuwaje?"

"Nimesema... mpole."

"Futa."

Mshereheshaji akamtazama mjomba. Mjomba akamtazama mheshimiwa. Mheshimiwa, ambaye kumbe mama yake anatoka Lumuma, alikuwa anatazama viatu vyake huku mabega yanamtikisika.

"Futa, baba, twende zetu," sheikh akasema.

"Nimefuta."

"Mnyenyekevu?"

"Nimefuta."

"Asiyejua kukasirika?"

Wanawake kwenye mikeka ndio walioanza kucheka. Kicheko kikavuka uwanja, kikawafikia wazee, na mshereheshaji akasema "nimefuta" kwa mara ya mwisho nje ya maiki, akakunja karatasi yake.

"Sasa sikilizeni," mtani akasema. "Huyu alikuwa na mdomo mchafu na nyumba safi. Alinirudishia sufuria ya mboga mbele ya wakwe zangu, akasema chumvi imezama. Alimkosoa fundi aliyechimba kisima mpaka fundi akahama kijiji, na kisima kikawa na maji matamu. Na kwenye msiba wa mume wangu alikuja, akakaa hivi nilivyokaa, akanisemea mwanamume wangu mpaka nikacheka naye yuko kwenye sanda. Haya. Watu wote walipoondoka, yeye akabaki. Mikono yangu ilikataa kazi. Akanichambulia vitunguu vya shamba zima, huyu, mtu wa Kidete, asiyejua kitunguu. Na kila kitunguu alikichambua vibaya!"

Hapo hakuna aliyecheka. Aligonga ubao wa jeneza kwa vidole, kama mtu anayebisha hodi.

"We mchawi. Umeona? Nimekuja. Usiringe. Umenishinda kwa kutangulia tu, na hilo umezoea, kupanda treni ukaacha wenzako na mizigo." Akavuta miguu yake kwa mikono. "Mpisheni apite."

Wanaume wakainua jeneza. Ilikuwa zamu yangu kubeba, lakini nilimnyanyua kwanza mtani, nikamketisha kwenye mkeka wa wanawake. Uso wake ulikuwa umelowa mpaka kidevuni.

"Mtani analia!" binti mmoja akapiga kelele. "Lumuma wameshindwa!"

Mtani akafungua ncha ya kanga, akatoa kile kitunguu, akakiweka chini, akakipiga ngumi, kikapasuka.

"Nani analia?" akasema. "Hamwoni kitunguu?"

Kisha akaninyanyulia macho, akanitazama kwa muda. Mimi silii misibani. Watu wote wanajua hivyo.

"Na wewe una nini machoni?"

"Sina kitu, bibi."

Akanipa nusu. Nikaipokea, nikalikimbilia jeneza huku nimeinyanyua juu, kila mtu aione.